Kiti cha Mbele Kinasafishwa

Marehemu mume wangu alinihamishia kiti cha nyuma miaka miwili kabla hajafa. Nalisema mapema ili mtu asidhani nalalamikia kitu kidogo. Mimi ni mwanamke niliyekaa mbele tangu siku gari lile lilipoingia kwetu. Nilikijua kila kishimo cha njia kwa makalio yangu. Asubuhi moja nafungua mlango wangu, nakuta kiti kimekaliwa na sanduku la spana. Tena halikutupwa tu pale. Limesimama wima na kufungwa mkanda, kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe.

"Kaa nyuma," akasema.

"Kwa nini?"

"Kiti cha mbele kinasafishwa."

Sasa hapo lazima nieleze, maana neno hilo lilikuwa na historia nyumbani kwetu. Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye majengo marefu ya maofisi, kukagua kamba, mota na breki. Na mafundi wa lifti walikuwa na bango moja tu: "Inasafishwa." Kamba ikichakaa, wanatundika bango hilo. Mota ikiungua, hilohilo. Aliwahi kunieleza sababu tulipokuwa bado wachumba. "Mtu ukimwambia kamba imechakaa," alisema, "hatapanda lifti tena maisha yake yote, hata ukifunga kamba mpya mbele ya macho yake. Mwambie inasafishwa. Atanuna, atapanda ngazi, kesho atarudi." Siku hiyo nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwona kijana mjanja, anayejua watu.

Kwa hiyo asubuhi ile, nimesimama na mkoba wangu mkononi, nilielewa jambo moja. Mume wangu ananiambia maneno anayowaambia makarani wa ghorofa ya tatu. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza mara ya pili ni kujidhalilisha. Hilo la pili nimeliongeza mwenyewe na nimeishi nalo. Nikapanda nyuma, nikaubamiza mlango mpaka kioo kikatetemeka. Yeye akawasha gari.

Mimi ni fundi cherehani wa hospitali. Watu wakisikia hospitali wananiita nesi, nami huwaacha, lakini kazi yangu iko kwenye chumba cha nyuma, jirani na kufulia: kuziba shuka zilizotoboka, kupunguza mapazia, kurudishia kamba kwenye magauni ya wagonjwa. Kila asubuhi mume wangu alinishusha pale kabla ya kwenda kwenye lifti zake, na kila jioni alinipitia. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoa yetu kwa kweli. Nyumbani kila mtu alikuwa na shughuli zake, yeye na redio, mimi na jiko. Ndani ya gari ndimo tulimokuwa tunaongea. Nilikuwa namenya chungwa njiani, na tukisimama kwenye taa nampa vipande mdomoni, huku namwambia kwamba amechelewa kubadilisha gia.

Kutoka kiti cha nyuma huwezi kumlisha mtu chungwa. Niliendelea kumenya, lakini nilikula lote mwenyewe, na nilikula kwa sauti ili asikie.

Baada ya siku chache nikakuta mto umewekwa pale nyuma, wa kuegemeza kiuno. Nikajua basi, imekwisha hiyo, mtu hakuwekei mto mahali unapopita tu. Kisha nikagundua kile kioo cha katikati, ambacho dereva hutumia kuangalia magari yaliyo nyuma yake. Alikuwa amekigeuza. Kila nilipoinua uso niliyakuta macho yake ndani ya kioo yakiniangalia. Nikasema moyoni, ananichunguza kama nimenuna ili apate raha yake. Nikaamua kutazama nje dirishani, nikatazama nje dirishani miaka miwili.

Niseme wazi nilichowaza, maana nimeshazeeka kuona aibu. Kwanza niliwaza kuna mwanamke mwingine anayekaa pale mbele. Nilikinusa kile kiti, ndiyo, niliinama nikakinusa, nikapata harufu ya grisi. Halafu nikawaza ananionea haya, kwamba nimenenepa na yeye anapishana na watu wanaomfahamu. Mwisho nikawaza hakuna mwanamke wala haya, amenichoka tu, kama mtu anavyochoka wimbo. Hilo la tatu ndilo lililokaa. Mwanamke mwingine ungemtafuta ukamtukana. Lakini kuchokwa utamtukana nani?

Na mimi, nikiri, sikuwa mtu rahisi wa kukaa naye. Gari lile nililikataa tangu siku ya kwanza. Tulikwenda kulitazama kwenye uwanja wa magari yaliyotumika, likawa linang'aa kupita umri wake, nami nikasema mbele ya muuzaji na wateja wote, "Gari linalong'aa hivi limeficha kitu. Usinunue." Akanunua. Tangu hapo likipata pancha, nasema, "Nilikwambia." Taa ikiungua, "Nilikwambia." Mara moja mvua ilitukuta njiani na wipa zikagoma, akaendesha ametoa kichwa nje kama mbuzi kwenye lori, nami nikamwambia neno hilo mpaka tukafika. Binti yetu, ambaye ameolewa mbali, alikuwa akisema, "Mama, hiyo 'nilikwambia' yako tungeifunga kwenye gari lingewaka bila betri." Tulikuwa tunacheka wote. Nadhani tulikuwa tunacheka wote.

Alikufa asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu. Moyo. Mimi nilikuwa jikoni nimeshavaa, nikisubiri anite twende, na nilikuwa nimenuna kama kawaida yangu ya siku zile, kwa hiyo sikumwita. Chai yake ilipoa mezani. Nilipokwenda kumtazama kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa.

Walikuja watu wengi kunipa pole. Wengi walisema jambo lilelile: mlikuwa wapenzi ninyi, kila siku tunawaona mnatoka pamoja, mnarudi pamoja. Nikaitikia. Ndiyo, pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Nilimlilia mume wangu, nisiseme uongo, nilimlilia sana, lakini kilio chenyewe kilikuwa na kitu katikati, kama mwiba wa samaki kooni. Kila kilipotaka kushuka kilikwama palepale. Kwa nini alinitoa mbele? Sikumuuliza alipokuwa hai, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Binti alikaa mpaka shughuli zilipokwisha, akarudi kwake. Nyumba ikabaki na mimi. Upweke si kimya, kama watu wanavyodhani. Kuna friji, kuna bomba linalodondosha maji, kuna ngazi za majirani. Upweke ni kwamba hakuna hata sauti moja kati ya hizo inayokuhusu. Jioni nilikuwa naweka sufuria ya watu wawili, halafu nakula kiporo kesho yake.

Gari nililifunika. Nilishona turubai la shuka chakavu za hospitali, zile zinazotolewa kazini, likabaki pale kwenye banda limejifunika mihuri ya wodi kama mgonjwa. Kazini nilikwenda kwa basi. Tulikuwa na jirani, dereva wa teksi, rafiki wa marehemu, ambaye huniita shemeji. Yeye alikuwa akija mara kwa mara kuliwasha ili betri isife, na alikuwa akilitamani. Mwaka ulipozunguka nikamwambia alinunue. Nilichoka kulipita kila asubuhi na kuulizwa lilelile na kiti cha nyuma.

Tulikuwa tumeshakubaliana kila kitu nilipoisikia ile habari kwenye redio. Nilikuwa namenya chungwa. Mtangazaji akasema kampuni moja ya magari inatangaza kwamba magari yake ya toleo fulani yarudishwe kwa mawakala, kwa sababu ya mfuko wa hewa wa upande wa abiria wa mbele. Ule mfuko unaofutuka ghafla gari likigonga, ili kumkinga mtu. Dawa iliyomo ndani yake inaharibika kwa joto na umri, akasema, na mfuko ukifutuka unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kumwelekea aliyeketi. Hata kwa kugonga kidogo. Wenye magari wayapeleke yakabadilishiwe bila malipo. Na mpaka hapo, asikae mtu yeyote kwenye kiti cha mbele cha abiria.

Toleo lilikuwa letu. Nikaweka kisu chini.

Asikae mtu yeyote kwenye kiti cha mbele. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Kisha akili ikarudi. Tangazo ni la leo. Mume wangu amekufa mwaka jana, na kunihamisha alinihamisha miaka miwili kabla ya hapo. Angejuaje? Redio ilikuwa haijasema, gazeti halijaandika. Fundi wa lifti si nabii. Nikajicheka kwa sauti pale jikoni, mwanamke mzima anayeokota okota visingizio vya marehemu, na nikamaliza chungwa langu. Usiku huo mwiba ulichoma kuliko siku zote.

Mitaani habari ilipokewa kama zinavyopokewa habari zote. Kule kufulia wenzangu walicheka. "Puto la kuua mtu?" mmoja akasema. "Mbona watoto wanapasua kila siku." Mwingine alikuwa na shemeji yake aliyelichomoa mwenyewe kwa bisibisi, tukamshangaa kwamba yuko hai. Wako walioapa hawapandi gari tena, wakapanda jioni ileile. Picha za kutisha zilizunguka kwenye simu, hujui ya kweli ni ipi.

Jirani yangu yeye alikuwa na jibu. "Shemeji, huo ni ujanja wa biashara. Wanataka tutupe haya tununue mapya." Lakini teksi yake ilikuwa ndugu mmoja na gari letu, na nilimwona anaizungukazunguka. Siku ya pili akaja na sauti nyingine. "Abiria akitaka kukaa mbele, nimwambie nini? Nikisema ukweli atashuka, na wa nyuma yake atashuka. Nitaendesha nani?"

"Mwambie kinasafishwa," nikaropoka.

Akacheka sana, akasema shemeji una maneno. Mimi sikucheka. Nilibaki nimelishika lango.

Gari lisingeweza kuuzwa hivyo, kwa hiyo tukalipeleka. Gereji ya wakala ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Ndani, kwenye mapokezi, watu wamejaa. Mwanamume mmoja mwenye tai alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na anauliza swali moja tu, bila kupaza sauti: "Mlijua tangu lini?" Binti wa mapokezi anamsomea karatasi kwamba kampuni inajali usalama wa wateja wake. Mama anangoja amalize. "Sawa. Mlijua tangu lini?" Binti anaanza karatasi upya. Nilimwonea huruma huyo binti. Alikuwa amepewa maneno ya watu wengine ayabebe.

Zamu yetu ilipofika jirani aliliingiza gari ndani, nami nikafuata kwa miguu. Tulipewa fundi mmoja wa makamo, mwenye ovaroli iliyopauka magotini. Wenzake walikuwa wakimwita Daktari wa Puto, kwa kuwa siku hizo hakufanya kazi nyingine. Hakuanza kazi. Alilizunguka gari letu polepole, akaweka mkono juu ya paa.

"Hili nalijua," akasema. "Hili la mzee wa lifti. Hajambo?"

"Amefariki," nikasema. "Mimi ni mkewe."

Akaufuta mkono kwenye ovaroli, akanipa pole kwa heshima, mkono wa pili ameuweka kifuani. Kisha akanitazama kama mtu anayelinganisha sura na habari aliyosikia.

"Basi wewe ndiye mama wa kiti cha nyuma."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Jirani akanivutia stuli.

Fundi alieleza huku amechuchumaa mbele yangu. Mume wangu alilileta gari kwa matengenezo ya kawaida. Wakati huo mafundi walikuwa wameshasikia. Kule yanakotengenezwa magari haya mambo yalikuwa yameanza kuvuma, lakini vipuri havijapatikana, na mabosi wakawaambia mafundi wafunge midomo, watu wasije wakataharuki. "Mimi nikafunga," akasema. "Lakini mzee alikuwa fundi mwenzangu. Aliniona naangalia ile dashibodi. Akaniuliza moja kwa moja: hapa ungempandisha mkeo? Nikashindwa kumwambia uongo."

"Akasemaje?"

"Alitaka tuutoe ule mfuko siku ileile. Tukakataa, hatukuruhusiwa kuugusa bila agizo. Basi akaenda kuleta sanduku lake la spana akaliweka kwenye kiti, mtu asikae hata kwa bahati mbaya. Gari likaanza kupiga kelele ya mkanda, likidhani ni mtu. Nikamwambia lifunge mkanda litanyamaza." Akatabasamu kidogo. "Tangu siku hiyo alikuwa anapita hapa kila akipata nafasi. Kipuri kimefika? Wale wa mapokezi walimchoka. Ndivyo walivyomwita, Mzee Kimefika. Akitokea mlangoni wanasema bado, mzee, kabla hajafungua mdomo."

Gereji ilikuwa na kelele, nyundo, kompresa, mtu anapiga mluzi. Nilizisikia zote.

"Kwa nini hakuniambia?" Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sikuizoea.

Fundi alimtazama jirani, kama mwanamume anavyomtazama mwenzake akiomba msaada. Jirani akaangalia dari.

"Mama, nilimuuliza hilo."

"Akasemaje?"

"Kwanza alicheka."

"Nakuuliza alisemaje."

"Alisema, mke wangu alinikataza kununua gari hili mbele ya watu. Nikimweleza hili, nitaambiwa 'nilikwambia' mpaka kaburini, na huko atanifuata aniambie tena."

Jirani alikohoa, akaenda kutazama tairi ambalo halikuwa na tatizo. Nami nilitaka kucheka, nilikisikia kicheko kinakuja, kikafika njiani kikageuka kitu kingine. Nikajibana midomo.

"Halafu akaacha kucheka," fundi akaendelea, taratibu sasa. "Akasema kazini kwao hawamwambii mtu kamba imechakaa. Akasema, mke wangu akijua, hatapanda tena. Atapanda basi. Na mimi nitakuwa naendesha gari tupu kila asubuhi."

Nilikasirika. Watu wangependa nilie hapo, lakini nilikasirika kwanza, ndivyo nilivyoumbwa. Nilimkasirikia yeye kwa kuniweka kundi moja na makarani. Niliikasirikia kampuni. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawa walioficha hawakuumbuka, walikuwa juu kule ofisini wanakunywa chai, na aliyekufa ni yule aliyenifichia mimi kwa wema, na kifo chake chenyewe hakikuwa na uhusiano wowote na gari. Nikamgeukia fundi.

"Mngetangaza siku ileile."

"Ningefukuzwa kazi, mama."

Alilisema bila kujitetea, kama mtu anayesema urefu wake. Nami nimekaa miaka miwili nyuma ya kichwa cha mtu, naona mvi zake zinavyoongezeka, na sikufungua mdomo kumuuliza mara ya pili. Mdomo uleule ambao watu wote wanausifu kwa kutochoka.

Kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu. Aliutoa ule mfuko, kitu kidogo tu, kopo la chuma unaloweza kulishika kwa mikono miwili, akaliweka mbali na watu. Akafunga jipya. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva kukagua taa za dashibodi, akainua macho.

"Kioo hiki kimegeuka," akasema. "Dereva haoni barabara kabisa. Anaona kiti cha nyuma tu." Akanyoosha mkono kukiweka sawa.

"Kiache."

"Si salama, mama."

"Vya pembeni vipo."

Mkono wake ulibaki hewani. Alitazama kioo, akatazama ule mto wa kiuno, akaurudisha mkono mapajani.

"Shemeji," jirani akasema, "mimi nitaendeshaje na kioo namna hii?"

"Kama alivyoendesha yeye."

"Nenda polepole," fundi akamwambia. Akashuka, akazunguka upande wa pili na kunifungulia mlango wa mbele, kwa adabu, kama dereva wa waziri. "Karibu mbele, mama. Sasa hakuna hatari."

Nikakitazama kiti changu. Kitambaa chake kilikuwa kipya kuliko vyote mle ndani, miaka hiyo yote hakikukaliwa na mwanamke mwingine wala na mimi. Kilikuwa na mabonyeo ya pembe za sanduku tu. Nikamshukuru fundi. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikaufunga taratibu.

Njiani jirani alijaribu. "Shemeji, kuhusu lile suala letu la gari."

"Siuzi."

Tukafika kwenye taa. Hapo ndipo alipolegea, akasema kesho na yeye atalipeleka la kwake, na mpaka litengenezwe atawaambia abiria ukweli, wanaoshuka washuke. Nikamwambia amefanya vizuri. Ndani ya kioo niliyaona macho yake, macho ya mtu mwema, lakini si yale. Nikafumba ya kwangu. Nilijaribu kukumbuka jinsi yale mengine yalivyokuwa yakinitazama. Nikagundua siyakumbuki vizuri, kwa sababu nilikuwa natazama nje.

Aliliingiza gari bandani, akanipa ufunguo, akaaga. Sikushuka. Jua la jioni lilikuwa bado linaingia kwa upande, likimulika vumbi kwenye dashibodi. Nikatoa chungwa mkobani, nikalimenya polepole, maganda nikayaweka kwenye mapaja. Nikaligawa vipande. Nikainua uso, nikatazama kwenye kioo cha katikati pale alipokuwa akinitazama, na ndani yake kulikuwa na kichwa cha kiti na kipande cha ukuta wa banda.

"Nilikwambia usinunue gari hili," nikamwambia.

Nikangoja. Kisha nikalisema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayeomba ajibiwe.